Justa auza kiwanja cha marehemu mumewe, anunua gari la kuchumia maparachichi

Saa tatu asubuhi, kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika huko Nyegezi, Justa Nkwabi amesimama ndani ya kikapu kilichonyanyuliwa juu kuliko mapaa ya nyumba za jirani. Injini ya gari lililombeba imezimwa. Imezimwa kwa makusudi.

Chini yake, fundi Shimba Maige ameshika mpini wa kupampu kwa mkono. Anataka kujua kama mtu akikwama huko juu, gari likiwa limekufa, anaweza kushushwa bila injini.

"Dada Justa, uko sawa?" anauliza.

"Niko sawa. Endelea."

Hayuko sawa. Mikono yake yote miwili imekamata ukingo wa kikapu na midomo inacheza bila sauti. Baadaye atasema alikuwa anasali Salamu Maria, akafika katikati, akasahau inavyoendelea.

Justa, mwenye miaka 38, ni mjane na mama wa watoto watatu, mkazi wa Mkuyuni jijini Mwanza. Anatafuta gari lenye mkono wa kunyanyulia watu, kama yale wanayotumia mafundi umeme kufikia nyaya. Yeye anataka kuchumia maparachichi.

Kazi hiyo aliianza na mumewe, Pius Rwehumbiza, mzaliwa wa Muleba mkoani Kagera. Walikuwa wakinunua matunda yakiwa bado mtini kwa wakulima wa upande wa Sengerema, wanayachuma wenyewe, kisha wanavuka nayo ziwa kwenda kuyauza sokoni Mkuyuni. Pius na mdogo wake, Gosbert, ndio waliokuwa wakipanda. Justa alibaki chini akichambua na kupanga kwenye matenga.

Parachichi likidondoka linachubuka ndani, na baada ya siku chache mteja analikuta jeusi. Ndiyo maana lazima mtu alifuate huko liliko. Miti mingi ya Sengerema ni ya zamani, mirefu, na matunda mazuri yako juu.

"Mparachichi si mti wa kuuamini," anasema Gosbert, mwenye miaka 34. "Unaona tawi nene, kumbe ndani ni laini. Likikatika halikupi nafasi ya kushika lingine."

Mwaka jana mwezi wa nne, asubuhi baada ya mvua, Pius alipanda mti mmoja kwenye shamba la mzee Antoni Luhende. Justa alikuwa ameupa mgongo mti huo, anachambua.

"Nilisikia tawi," anasema. "Nikadhani wamelikata kwa panga. Sikugeuka hata. Nikaendelea kupanga matunda mpaka Gosbert alipoita jina la kaka yake."

Pius alivunjika uti wa mgongo. Alilazwa hospitali jijini Mwanza, na wiki ya pili akafariki dunia. Alikuwa na miaka 41.

"Kichwa chake kilikuwa kizima mpaka mwisho," anasema Justa. "Aliniuliza, maparachichi mmeyapakia? Nikamwambia tumeyapakia. Hatukuwa tumepakia. Yalibaki palepale chini ya mti, yakaoza."

Baada ya matanga, ada za shule hazikusubiri. Justa alirudi Sengerema, na Gosbert akarudi kupanda. Kila shemeji yake alipoanza kuukwea mti, Justa alitoka shambani akaenda kukaa kando ya barabara, amegeukia upande mwingine, mpaka aitwe kwamba kazi imeisha.

Hali hiyo iliendelea kwa msimu mzima. Kisha siku moja hakuitwa. Jua lilipokuwa kali akaamua kurudi, akamkuta Gosbert ameketi kwenye panda ya mti, hajafika hata nusu, tenga likiwa tupu.

"Nikamuuliza, shemeji, vipi? Akasema, miguu inakataa. Nikamwambia, basi shuka. Akasema na kushuka pia inakataa."

Ilibidi majirani walete ngazi. Gosbert alipogusa ardhi alikaa chini akalia, na Justa akakaa karibu yake.

Hapo ndipo wazo la gari lilipoingia. Justa alikuwa amewaona mafundi umeme wakikata matawi kando ya barabara ya Nyegezi, wamesimama ndani ya kikapu kama watu walio barazani kwao. Aliulizia bei. Lililotumika, la kuaminika, lisingepungua shilingi milioni 25.

Hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni kiwanja cha Buhongwa ambacho Pius alikuwa amekijengea msingi, vyumba vitatu na sebule. Akakiuza milioni 17, akaongeza akiba yao ya biashara na pesa alizopata Gosbert kwa kuuza ng'ombe wake.

Mama mkwe wake, Bi Kokushubira, alikuwa Mkuyuni akiwasaidia kulea watoto. Aliposikia habari ya kiwanja alisubiri mpaka chakula cha jioni kilipoondolewa mezani.

"Akaniambia, mwanangu ameliwa na maparachichi, na nyumba yake nayo unaipeleka hukohuko," anasimulia Justa. "Asubuhi akaniaga vizuri tu, akapanda basi la Muleba. Tangu siku hiyo nikipiga simu hapokei."

Kwa hiyo gari hili halikuwa la kukosea. Justa alimtafuta Shimba, fundi aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya migodini, akamwomba amsindikize kukagua.

Gari la kwanza liling'aa. Muuzaji aliwaambia limetoka bandarini juzi. Shimba alipitisha kucha kwenye maungio ya mkono wa gari, rangi ikabanduka. Chini yake palikuwa na ufa uliochomelewa na kusawazishwa kwa pati ya kuzibia mikwaruzo. Hata hivyo aliomba wapakie viroba vya mchanga kwenye kikapu, wakinyanyue, wazime injini na kusubiri. Walikunywa chai. Walipomaliza, kikapu kilikuwa kimeshuka karibu urefu wa mtu, polepole, bila kuguswa.

"Hiyo kawaida, mama," muuzaji alimwambia Justa. "Gari la zamani lazima lishuke kidogo."

"Na aliye ndani naye ni kawaida?" Justa aliuliza, akaondoka.

La pili ndilo lililowagombanisha. Lilikuwa zima, halina ufa, halivuji mafuta, na mkono wake ulifika mita kumi na tano. Gosbert alilizunguka mara kadhaa, akirudi kugusa matairi.

"Hili linafika kileleni kabisa," alisema. "Shemeji, tulichukue hili."

Shimba ndiye aliyesita. Lilikuwa zito mno. Shambani kwa mzee Antoni udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, na mvua ikinyesha kidogo tu unameza magurudumu. Mguu mmoja wa kulisimamisha ukizama wakati mtu yuko juu, gari zima linalala ubavu.

"Tutaweka mbao chini ya miguu," Gosbert alisema.

"Na siku mbao zikiteleza?" Justa akamuuliza.

"Shemeji, matunda ya juu ndiyo yenye pesa. Unajua."

"Najua. Kaka yako naye alijua."

Gari hilo wakaliacha.

La tatu ndilo hili la Nyegezi. Ni dogo, limechakaa, mlango wa abiria haufunguki kwa ndani, na mkono wake unafika mita kumi tu. Lakini ni jepesi, linavuta magurudumu yote manne, na linapita katikati ya mistari ya miti. Shimba amelikagua tangu lilipowashwa likiwa la baridi. Ameinama kwenye kila pini na kila mpira wa mafuta. Viroba vya mchanga vimekaa juu na havikushuka.

Limebaki jaribio la mwisho, na Justa amekataa mtu mwingine alifanye.

Shimba anapampu. Kikapu kinatikisika, kinasimama, kisha kinaanza kushuka kidogokidogo hadi kinagusa sehemu yake nyuma ya gari. Justa anafungua mkanda, anateremka, anajiegemeza kwenye tairi.

"Hili," anasema.

"Na ya kileleni?" Gosbert anauliza kwa sauti ya chini.

"Ya kileleni tuwaachie ndege."

Muuzaji alitaka milioni 28, wakapatana 26.

Wiki iliyofuata gari lilivuka daraja la Kigongo hadi shambani kwa mzee Antoni. Mzee huyo aliwapokea bila maneno mengi. Tangu msiba, mti ule haukuwa umechumwa; alikuwa amewakataza watu kuugusa. Justa ndiye aliyeomba waanze nao.

Gosbert alisimama chini, kwenye vishikio vya kuuendesha mkono wa gari, akautandaza taratibu. Justa alipanda akiwa amefunga mkanda kifuani. Kati ya majani alikuta kisiki cha tawi lililokatika, kimekauka na kuwa cha kijivu. Aliweka kiganja juu yake.

"Shemeji, nikushushe?" Gosbert aliita.

"Bado."

Baada ya muda akachukua mkasi, akaanza kukata parachichi moja moja na vikonyo vyake. Tenga la kwanza liliposhuka, hakuna tunda lililochubuka.

"Huwa nafikiria kwamba pale alipokuwa Pius si juu sana, kikapu hiki kingemfikisha na kumrudisha chini akiwa mzima," anasema sasa. "Kama gari hili lingekuwepo mwaka mmoja tu nyuma. Nalala na wazo hilo, naamka nalo."

Msimu ujao anapanga kuwakodishia gari hilo wakulima wengine wa Sengerema, na kuwafundisha wanawake wawili kuchuma kutoka kwenye kikapu. Mzee Antoni amekubali miti yake mirefu ipunguzwe vilele ili yote ifikike. Kiwanja kingine anakiwaza, ila si leo wala kesho.

Kuna jambo moja lisiloweza kusubiri. Alipolaumiwa kwa kuuza kiwanja, Justa hakumweleza mama mkwe wake sababu yenyewe, kwa kuwa Gosbert alikuwa amemsihi asiseme. Mama aliamini kwamba tangu msiba, mwanawe wa pili na wa mwisho anaendesha gari la mizigo. Hakujua kwamba alikuwa bado anapanda ileile miti.

"Nilibeba lawama zake," anasema Justa. "Afadhali anichukie mimi kuliko kulala akimuwaza huyu naye juu ya mti."

Gosbert, aliyekuwa amesimama karibu, anafuta mikono yenye mafuta kwenye suruali. Anasema Jumamosi wanakwenda Muleba, yeye, shemeji yake na watoto.

"Nitamwambia mwenyewe, mbele ya watoto. Kwamba nilikuwa napanda, na kwamba sipandi tena, na ni nani aliyenishusha," anasema.

Anaulizwa kama haya yanaweza kuandikwa.

"Andika," anajibu. "Tutafika kabla ya gazeti."