Juzuu Kumi na Tatu za Shangazi Mwanahawa

Ngozi ya ndama iliyolowa mvua, ikiwekwa karibu na jiko la mkaa, hutoa harufu nzito isiyotaka kutoka puani, kama ya viatu vipya vilivyosahauliwa kwenye ndoo ya maji. Nyumba ya shangazi yangu Mwanahawa, pale Kilole mjini Korogwe, ilinuka hivyo kwa karibu mwezi mzima wa masika nilipokuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeletwa kutoka kwetu Kwamsisi, upande wa Handeni, kwa sababu mama alikuwa amejifungua mapacha na kazi za nyumbani zilimwelemea. Baba alinipandisha basi pamoja na kiroba cha mahindi mabichi, akaniagiza nimsaidie dada yake kazi ya maandazi na nisimchoshe kwa maswali. Agizo hilo la pili lilinishinda siku ile ile niliyofika. Chumbani kwa shangazi, juu ya sanduku la bati, palikuwa na vitabu kumi na vitatu vyenye majalada ya ngozi ya ndama ya rangi ya kahawia, vinene, vya kimo kimoja, vyenye maandishi ya dhahabu mgongoni. Sikuwahi kuona mtu mwenye vitabu vingi namna ile, na huyu alikuwa mpika maandazi.

Nilipouliza, shangazi alinijibu kwa kifupi kwamba ni juzuu za historia ya watu wa kale, zimeandikwa kwa Kifaransa, na nisiziguse kabla ya kunawa mikono. Kwa sababu ya neno hilo juzuu na kule kunawa, nilidhani ni vitabu vya dini. Habari yenyewe niliipata kidogo kidogo, tukiwa tunakanda unga. Alipokuwa msichana, shangazi alifanya kazi za ndani kwenye shamba la mkonge upande wa Magoma, katika nyumba ya fundi mkuu wa mitambo, mtu wa Uswisi. Fundi huyo aliishi na mama yake, bibi kizee ambaye wote walimwita Madamu. Macho ya Madamu yalikuwa yanafifia, na jambo alilolipenda kuliko yote duniani lilikuwa kusoma. Basi akamkalisha msichana wa Kizigua mbele yake kila alasiri, akamfundisha herufi zinavyotamkwa kwa Kifaransa, akamfanya awe macho yake. Mwaka wa kwanza shangazi alisoma kama kasuku, bila kuelewa kitu. Mwaka wa pili akaanza kuelewa. Alikaa nyumba ile miaka tisa. Familia ilipofunga mizigo kurudi kwao, Madamu alimkabidhi juzuu zote kumi na tatu, ambazo zilikuwa za babu yake na zilikuwa kuukuu tayari wakati huyo babu alipokuwa mtoto.

Ndugu zetu walilichukulia jambo hilo kama kichekesho. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alikuwa na msemo wake wa sikukuu: "Miaka tisa ya kazi, dada yangu alirudi na karatasi." Wateja nao walikuwa wakichungulia ndani na kumshauri afungie maandazi zile kurasa, kwani magazeti ya zamani yalikuwa adimu. Shangazi hakubishana na mtu. Aliwafungia maandazi yao kwa magazeti na kuwatakia siku njema.

Mvua ile ilitukuta sokoni alasiri. Upepo ulitangulia, wa ghafla, ukapeperusha maturubai ya wauza nguo, kisha maji yakashuka kama yamemwagwa. Tulipofika nyumbani tukikimbia, bati mbili za chumba cha shangazi zilikuwa uani kwa jirani. Hakuangalia kitanda wala unga. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akakuta juzuu za juu zimekunywa maji kama sponji. Ile ya tisa ilikuwa imeanguka chini dirishani, imepasuka mgongo, na kurasa zake zilikuwa uji. Shangazi aliketi kwenye sakafu yenye maji akaipakata. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia, na alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, hata Mama Asha wa nyumba ya pili akaja mbio akidhani kuna mtu amekufa.

Mama Asha hakuuliza kwa nini mtu analilia kitabu. Alikwenda kuwaita wenzake. Kabla ya magharibi barazani kulikuwa na wanawake sita, mikeka imetandikwa, majiko mawili yamewashwa kwa moto mdogo, na pasi ya mkaa inapita juu ya kipande cha kanga kilichofunika ukurasa mmoja mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupachika gazeti kavu kati ya kurasa mbichi. Siku ya kwanza tulifanya kazi kimya. Siku ya pili Mama Asha alifunua ukurasa wenye picha ya mji unaowaka moto, akauliza, "Mwanahawa, hapa wanasemaje?" Shangazi alisita. Nadhani tangu Madamu aondoke hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Kisha akasoma kwa Kifaransa, polepole, halafu akatueleza kwa Kiswahili. Ulikuwa ni mji wa Karthago, ambao Warumi waliuzingira baada ya kuwanyang'anya watu wake silaha zote. Watu wakaanza kutengeneza silaha upya kwa chochote walichokuwa nacho, na kamba za mitambo ya kurushia mawe zilipokosekana, wanawake wakakata nywele zao wakazisokota.

"Wote?" aliuliza Mama Asha, mkono juu ya mtandio wake.

"Wote. Wakubwa kwa wadogo."

"Na huko ni Ulaya?"

"Ni Afrika hii hii. Kaskazini, Tunisia ya leo."

"Mji ukapona?"

"Haukupona. Ila walipigana miaka mitatu kabla haujaanguka."

Mwanamke mmoja akasema, "Basi hao walikuwa wanawake," na pasi ikaendelea. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuitwa. Walikuja kila alasiri wakiwa na mboga zao za kuchambua, na ukurasa haukukauka bila kuelezwa umesema nini.

Wiki ya pili alipita Mwalimu Hiza, aliyekuwa akifundisha historia katika shule ya sekondari iliyokuwa jirani. Alikuja kununua maandazi, akaona mikeka, akainama na kuinua juzuu moja. "Hiki ni Kifaransa," alisema. "Nani hapa anasoma Kifaransa?"

"Mimi," alijibu shangazi, mikono yake ikiwa ndani ya unga.

Mwalimu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka, na mimi nilihisi uso wangu unawaka. Shangazi alinawa mikono, akajifuta, akamwambia, "Chagua mwenyewe, mwalimu. Kitabu chochote, ukurasa wowote." Mwalimu alichagua juzuu ya chini kabisa na kuifungua katikati. Shangazi akasoma nusu ukurasa habari za mfalme wa Uajemi aliyejenga daraja la mashua ili jeshi lake livuke bahari, akatafsiri sentensi baada ya sentensi. Mahali fulani alisimama. "Neno hili silijui," alisema. "Sikuwahi kulijua." Akaliruka, akaendelea. Baadaye Mwalimu Hiza alituambia kwamba ni hapo alipoamini, kwa kuwa mtu anayedanganya angelibunia maana. Wakati ule alisema tu, "Samahani, mama. Naomba uje uwasimulie wanafunzi wangu."

Baba alikuwa amewasili kutoka Kwamsisi kupigilia bati siku moja kabla ya shangazi kwenda shuleni, akaombwa kubeba juzuu mbili. Tulikwenda watatu kwa miguu, shangazi akiwa amevaa kanga mpya, vitabu vimefungwa kwa kitenge. Alizungumza saa nzima mbele ya darasa lililojaa hadi madirishani. Alipomaliza, mwanafunzi mmoja mrefu alinyoosha mkono. "Mama, kama unajua yote haya, kwa nini unauza maandazi?" Mwalimu Hiza aliinuka kumkemea, shangazi akamzuia kwa kiganja.

"Kwa sababu nina watu wa kulisha," alisema. "Kifaransa hakikunizuia kupika, na kupika hakukunisahaulisha Kifaransa. Nani ana swali lingine?"

Walipiga makofi mpaka walimu wa madarasa mengine wakaja kuangalia. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, nimevaa gauni lililofifia, na nilitamani kila mtu duniani ajue kwamba huyu ni shangazi yangu. Njiani tukirudi, baba alitembea nyuma yetu mpaka tulipofika karibu na nyumba. Ndipo akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kunde, "Hizi ninazobeba zinahusu nini?" Shangazi akamweleza. Baba akaahirisha safari yake siku tatu, akatafuta mbao za mninga, akamtengenezea rafu yenye milango, miguu yake minne ikiwa ndani ya makopo ya mafuta machafu ili mchwa wasipande. Ule msemo wake wa sikukuu sikuusikia tena.

Leo shangazi ana miaka karibu themanini, na juzuu kumi na mbili zilizosalia ziko kwangu mjini Handeni, ambako yeye pia anaishi nasi. Watoto wangu hawahitaji kungoja masika wala mtu wa kuwatafsiria. Habari za Karthago wanazipata kwenye simu wakiwa wamelala kifudifudi kwenye kochi, na sioni sababu ya kuwalaumu. Sisi tulipata ukurasa mmoja kwa alasiri na tulishukuru. Wao wanapata yote mara moja, na wakati mwingine hujua zaidi ya vitabu vyenyewe. Mwezi uliopita binti yangu Mwanaidi, mwenye miaka kumi na mitatu, aliketi na bibi yake wakisoma juzuu ya kwanza. Shangazi akamtafsiria sehemu inayosema kwamba maandishi ya picha ya Wamisri ni siri ambayo hakuna binadamu aliye hai awezaye kuisoma. Mwanaidi akachukua simu, akatafuta kidogo, akasema bila haya, "Bibi, kitabu chako kimekosea. Yanasomeka. Yamesomwa zamani, ila baada ya kitabu hiki kuchapwa."

Nilitaka kumwambia awe na adabu, maana wakati wetu hatukuthubutu hata kugeuza ukurasa bila ruhusa. Shangazi alimwomba arudie, kisha arudie tena, huku akitikisa kichwa taratibu. Halafu akaniagiza nilete penseli, akampa mtoto. "Andika hapo pembeni," alisema. "Andika yanasomeka, na chini yake jina lako kamili."

Mwanaidi alinitazama mimi kwanza. Nikamwambia aandike.