Mjomba Aliyeniita Onorebo

Nakumbuka siku moja ya arusi hapa Nyamianda, mwanangu. Dada yangu mdogo alikuwa anaolewa. Mimi nilikuwa nimetoka Bujumbura, miezi sita ya kujifunza Kiingereza, na nilirudi na maneno ya ukubwa tu: VIP, hai klasi, onorebo, yaani mheshimiwa. Kuomba maji kwa Kiingereza sikujua, lakini kumsifu tajiri, aa, hapo nilikuwa fundi! Basi wakanifanya protokole, yule mwenye kukalisha wageni.

Nikaandika VIP kwenye makaratasi, nikayabandika kwenye viti vya mbele. Mwenye duka nikamkalisha, mkubwa wa ofisi nikamkalisha, kila mmoja nikimwita onorebo kwa sauti kubwa ili watu wanisikie.

Ndipo akaingia mjomba wetu, kaka wa mama, kutoka Lubarika. Baba alifariki tukiwa wadogo. Huyu ndiye aliyetulea na kunisomesha kwa muhogo wa shamba lake. Na kwetu, mjomba ndiye anayesimama kumtoa binti. Alikuwa na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, koti limechanika kwapani, jogoo mkononi. Akaketi mbele. Nikamnong'oneza, "Mjomba, hapa ni pa VIP. Weye nenda kule nyuma, kwa wapishi."

Akanitazama. "Minye? Minye niko muntu wa nyuma, mutoto wa dada yangu?"

"Ni kwa muda kidogo tu, mjomba."

Akainuka, akanikabidhi jogoo, akatoka. Saa ya kumtoa binti ilipofika wakamwita mjomba, wakamwita tena, kumbe alikwisha kurudi kwake. Mama akajifunika uso kwa kitenge. Dada yangu alitolewa na jirani.

Wiki ile ile nilimfuata Lubarika, nikapiga magoti mlangoni. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alinivutia kiti kizuri, akaniwekea ugali na ndagala, wale dagaa wa kwetu, akasema, "Kula, onorebo." Tangu hapo mpaka tulipomzika, hakuniita tena mtoto wa dada yake.

Leo mama hayupo, dada naye hayupo. Simu yangu hulia, ni watu wananiita mheshimiwa. Hakuna aliyebaki wa kuniita mtoto wa mtu. Upweke huu unauma, mwanangu, sikufichi.

Kiingereza jifunze, na Kifaransa jifunze, sikukatazi. Lakini neno la kumpandisha mgeni usimshushie nalo aliyekulea. Akija na vumbi lake, mpishe kiti chako, umwite mjomba, umwite shangazi, watu wote wasikie. Na usingoje kosa ndipo uende kupiga magoti. Mimi nilipiga, na hayakunisaidia.

Mungu akulinde, mwanangu. Akubakizie watu wa kukuita mtoto wao hata kichwa chako kikiwa cheupe chote.