Mkanda Aliofunga Odera

Usiniambie nilikuwa nimekunywa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na pombe niliacha kitambo. Haya yalinipata mimi, na aliyeyaleta ni Odera, fundi wa Mamboleo. Ndiyo, namtaja jina. Akitaka, anijie.

Nilikuwa nabeba barafu ya samaki Asembo Bay kwa pikipiki kuukuu ya magurudumu manne. Ikaanza ugonjwa: injini inanguruma, haiendi, mpira unanuka kuungua. Nikampelekea Odera. Akanirudishia akicheka, "Mzee, nimekuwekea mkanda mpya wa kuzungusha magurudumu. Sasa itashinda ambulansi!"

Siku ya tatu, katikati ya maji ya mafunjo, ikagoma. Kelele tu, magurudumu kimya. Mimi ni mtu wa bodaboda miaka ishirini, mkono ukafanya ulichozoea: nikabana wenzo wa kushoto wa usukani, nikidhani ni klachi. Nikaachia, nikabana tena huku nikiongeza mafuta. Moshi! Mara mafunjo yakapasuka, kiboko huyo, mdomo wazi! Wewe ungekimbilia wapi, na matope yamekufika magotini?

"Omera, ndugu yangu, wewe ni mjinga?"

Mtu amesimama kando yangu, ovaroli imelowa, begani kiraka chekundu. Sikumwona akija.

"Hii haina klachi ya mkono. Hiyo ni breki! Unachoma mkanda wangu."

Wangu! Wakati ule hilo neno lilinipita. Akashika mkono wangu, akabandua kidole kimoja kimoja. Baridi yake, niamini, barafu yangu haikuifikia.

"Weka nyutro. Toa kizibo chini ya kifuniko cha mkanda, maji yatoke. Haya, ngurumisha, mkanda ukauke."

Maji yakamwagika, kiboko akaanza mbio, nikaingiza gia. Pikipiki ikaruka kama mbuzi!

"Panda!" nikapiga kelele.

"Mimi nilishachelewa," akasema. Kiboko hata hakumwangalia.

Ufuoni nikawaeleza wauza samaki. Mmoja, Mama Akinyi, akaangusha beseni. "Kiraka chekundu? Huyo ni Ouma! Alibeba barafu kabla yako. Kiboko alimuua hapo hapo kwa mafunjo. Pikipiki yake si Odera aliichukua kama vyuma chakavu?"

Nikafungua kifuniko mwenyewe. Sisi waendeshaji huandika majina kwenye spea, fundi asibadilishe. Mkanda wangu "mpya" uling'aa kwa uzee, na mgongoni rangi nyeupe imefifia, lakini hata mimi wa darasa la nne nikasoma: OUMA.

Nikamfuata Odera. Unajua alisema nini? "Baba, marehemu anataka mkanda wa nini?"

Anacheka mpaka leo. Mimi vidole vitatu vya kushoto havifungi. Daktari anasema ni mishipa. Bodaboda imeniishia, siwezi kubana klachi, nauza mkaa.

Kwa hivyo wewe unayesoma, usiachie fundi chombo chako ukaenda kunywa chai. Simama hapo afunge ukiona. Muulize mkanda umetoka kwa nani, na huyo mtu yuko wapi. Akinyamaza, tembea kwa miguu.