Amplifaya Niliyoichagua kwa Uzito

Mimi hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunishangaza. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaanza na mbuzi mmoja niliyemtembeza kwa miguu kutoka Kinango, na leo ziko hoteli Diani haziandiki nyama kwenye menyu mpaka lori langu liingie. Mbuzi simpimi kwa mizani. Namshika kiunoni, namnyanyua, namtajia mwenye mbuzi kilo zake. Akibisha, tunakwenda kwenye mizani, na anayerudi ameinamisha kichwa si mimi.

Basi ndivyo nilivyochagua amplifaya.

Binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa Msambweni, katika nyumba ya walimu, baba mwalimu, mama mwalimu. Walikuja kuposa kwa adabu zote, lakini nilimsikia yule mama akimnong'oneza mwenzake, kama binti wa mchuuzi wa mbuzi atajua kukaa na watu. Neno lile lilinikaa. Nikaapa kwamba siku ya kupamba, wanawake wa Msambweni watakapokuja kwangu Ukunda kumtazama bibi arusi, hawatakuta muziki wa kukodi. Mwenye mitambo alitaka shilingi elfu sita pamoja na mkewe wa kuiendesha, maana kwenye kupamba mwanamume haingii. Nikamwambia spika ninazo. Kweli nilikuwa nazo nne, kubwa, nilizozinunua hoteli moja ilipouza vitu vyake vya zamani; kilichokosekana ni amplifaya ya kuzipa sauti.

Dukani Mombasa muuzaji akaniuliza spika zangu ni za ohm ngapi. Nikamwambia nne kila moja, nimeiona namba mgongoni. Akauliza nitafunga ngapi pamoja. Nikaona ananipotezea wakati. Nikainyanyua amplifaya ya kwanza, nikaiweka, nikainyanyua ya pili, na ya tatu. Iliyoniuma kiuno ndiyo niliyoilipia, elfu thelathini na nane na mia tano.

Nyumbani binti yangu akakiona kitabu ndani ya boksi.

"Baba, nipe nikusomee kabla hujafunga."

"Kitabu hakipigi muziki. Nimeinyanyua mwenyewe."

"Haya, baba. Ikichinjwa tutajua mafuta yake."

Tukacheka wote wawili. Meza ya kuiwekea amplifaya ilikuwa inacheza, nikakikunja kile kitabu nikakitia chini ya mguu wake.

Siku yenyewe nilifunga spika zote nne asubuhi, mbili kila upande, nikajaribu kwa sauti ndogo, zikalia vizuri. Wanawake walipoanza kuingia nikatoka. Uwanja ulizungushwa maturubai, nami nikakaa nje na wanaume wa mtaa, nikiwaambia wasikilize mdundo ule, si wa kukodi. Alasiri bibi arusi akatolewa. Sauti ikapandishwa, na muziki ukakatika. Ukarudi, ukakatika tena.

Dada mkubwa wa mke wangu, ambaye ndiye aliyeshika maikrofoni, akasogea kwenye turubai akaniambia kuna taa nyekundu. Nikamwambia azime, awashe. Akafanya hivyo, akarudi kuniuliza kama mtambo huu kweli unaziweza spika hizi. Nikamjibu haiwezekani ishindwe, nimeichagua kwa uzito. Hakujua kwamba maikrofoni imekwisha kurudi.

"Jamani, subirini kidogo," sauti yake ikatoka kwenye spika zote nne mpaka barabarani. "Shemeji anasema aliichagua kwa uzito. Kama mbuzi."

Kicheko cha wanawake kilinifikia nimesimama pale pale. Wanaume nilioketi nao wakatazama chini, na mmoja akainuka kama anayekwenda kutafuta maji. Halafu amplifaya ikazimika.

Yaliyofuata ndani nilielezwa na mke wangu. Bibi arusi siku ile hukaa kitini macho chini, mikono yenye hina mapajani, hatabasamu wala hajongei, watu wamtazame. Binti yangu alishuka kitini. Akauinua mguu wa meza, akakichomoa kitabu, akakisoma amesimama mbele ya Msambweni nzima. Kisha nikamsikia nyuma ya turubai.

"Baba, uko hapo?"

"Nipo."

"Ile namba ya ohm ikiwa ndogo ndiyo mzigo mzito. Umefunga za nne mbili pamoja, imekuwa mbili, na hii haibebi chini ya nne. Nataka kuondoa spika moja kila upande. Utaniruhusu?"

Aliniomba ruhusa, mbele ya watu wote wale.

"Ondoa, mwanangu."

Alipoinama kuchomoa waya, gauni lilinasa kwenye msumari wa meza, likapasuka kutoka kiunoni hadi chini. Yule mama wa Msambweni ndiye aliyeinuka. Alivua leso aliyojifunga, akamfunga nayo kiunoni, akamrudisha kitini kwa mkono wake. "Walimu tumejaa hapa," nikamsikia akisema, "na anayesoma ni bibi arusi." Kama alikuwa anasifu au anatucheka sikuweza kujua, na mpaka leo sijamwuliza mke wangu uso wa mama yule ulikuwaje.

Amplifaya ilipopoa, spika mbili zilitosha uwanja mzima. Sikurudi kuketi na wale wanaume. Nilibaki nyuma ya turubai mpaka wageni wakaisha, nimeupa mlango mgongo.

Gauni lilikuwa la kukodi, na mwenyewe hakulitaka tena likiwa limeshonwa. Nikamlipa elfu kumi na nne. Muziki wa elfu sita mimi uliniishia shilingi elfu hamsini na mbili na mia tano.