Ngolo Nyuma ya Kota

Anayehamia mji wenye kambi ya jeshi ajiandae kwa tarumbeta. Mimi sikuambiwa. Nilishuka kutoka Mbinga hadi huku ziwani na sanduku langu, limefungwa kwa kamba ya katani aliyoikaza baba kwa mikono yake, na jioni ya kwanza kabisa nikaenda ufukweni kununua usipa, dagaa wa huku. Narudi na beseni kichwani, natabasamu peke yangu, mara tarumbeta ikalia kambini. Barabara nzima ikaganda. Bodaboda akazima pikipiki. Mama mmoja aliyekuwa akimchapa mwanawe akabaki na kiboko hewani, na mtoto naye akasimama wima, machozi yanamtiririka kwa nidhamu. Mimi nikaendelea na safari.

"We dada, simama! Bendera inashuka!" mtu akaninong'oneza.

Nikasimama. Kumbe kunguru wa pale wanaijua saa hiyo kuliko askari. Mmoja akatua kwenye beseni, akaonja usipa, akamwita mwenzake. Nawasikia wanavyokula juu ya kichwa changu na siruhusiwi kutikisa hata shingo. Tarumbeta ilipokoma, kitoweo kingi kilikuwa kimesharuka, na barabara nzima inanicheka. Nikacheka nao mpaka nikakaa chini.

Siku hizo nilikuwa nacheka kwa kila kitu. Tulifunga ndoa Kigonsera, mume wangu akarudi kambini, mimi nikabaki kwa wazazi nachuma kahawa na kupanda kilimani kutafuta mtandao ili nisikie sauti yake. Tuliishi hivyo tangu harusi. Sasa alikuwa amepewa kota, chumba na sebule, na furaha niliyokuwa nayo sikuwa na pa kuiweka.

"Ila usifungue sanduku kwanza," akaniambia usiku huo. "Mkuu wa kambi hukagua familia mpya. Tukikutwa na kosa, wewe unarudishwa nyumbani, mimi narudi kulala bwenini."

Basi sanduku likakaa kando ya mlango na kamba yake, na ndani yake sufuria, vikombe na blanketi zote za harusi. Nikapika kwa sufuria ya kuazima kwa jirani, mke wa sajini, Mnyasa wa hapo hapo ufukweni, mwenye ulimi mwepesi na roho nzuri. Yeye ndiye aliyenifunza maisha ya kambi. Usivae nguo yenye mabaka ya kijani, hata kama umeipenda. Usikatize uwanja wa gwaride, hata kama unaungua jua. Na bombani, dada yangu, foleni inafuata cheo cha mume. Wangu alikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo nilichota wa mwisho, na kwa kiherehere changu nikawa nawapa shikamoo mpaka mabinti niliowazidi umri. Walikuwa wanaitikia!

Kosa langu lilitoka nyuma ya nyumba. Kota zetu zipo kwenye mteremko unaoangalia ziwa, na kila familia ina kipande chake cha bustani. Wenzangu walipanda mchicha na matembele, na mvua ikinyesha udongo wote unateremka hadi mlangoni. Sasa mimi ni Mmatengo. Nikiona mteremko uko wazi, mikono inaniwasha. Nikamwomba mume wangu akate majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, kama wanaume wa kwetu wanavyofanya. Yeye ni Mngoni, hakuuliza ni ya nini. Akayalaza, akaondoka kwenda zamu ya lindo. Nikashika jembe na kufanya kazi ya wanawake wa kwetu: katikati ya kila mraba nachimba, udongo naurundika juu ya majani mpaka yanakuwa tuta pande zote nne. Hiyo ndiyo ngolo. Shimo linashika maji, tuta linabeba maharage.

"Unamzika nani?" akauliza mke wa sajini.

"Nazika njaa."

Nilichimba kwa raha, naimba. Askari wakawa wanapita, wanasimama, wanatazamana. Mpaka jua linazama, mteremko mzima ulikuwa na mashimo yaliyojipanga safi, yote yanaelekea ziwani, na kambini watu walikuwa wanaulizana kuna jambo gani ambalo hawajaambiwa.

Mume wangu aliporudi alishika kichwa.

"Mke wangu, haya ni mahandaki."

"Ni maharage."

"Kambini hakuna anayechimba shimo bila amri!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utapanda mchicha kama binadamu wengine!"

Nikaanza kucheka, halafu nikamwona usoni. Ukaguzi ulikuwa kesho yake. Kicheko kikaniishia. Nilijiona napanda gari la kurudi Mbinga na sanduku lile lile, na baba anaigusa kamba yake na kukuta fundo halijaguswa. Nikamwonea huruma baba, nikamwonea mume wangu, halafu nikajihurumia mwenyewe kwa muda mrefu zaidi.

Mkuu wa kambi alikuja jioni na askari wachache nyuma yake. Mzee mrefu, asiyepoteza maneno.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba." Akazunguka nyumba, akasimama juu ya mteremko. "Nani ametoa amri ya kuchimba hapa?"

Mume wangu alikuwa amekakamaa kama nguzo, jasho linamshuka sikioni.

"Ni mimi, afande," nikasema.

"Na adui anatarajiwa kutokea wapi?"

"Kutokea juu, afande. Ni mvua."

Askari mmoja nyuma akakohoa, na hakuwa mgonjwa. Mkuu hakucheka. Akashuka taratibu, akaingia kwenye shimo moja kupima kina, likamfika magotini. Akafungua mdomo kutoa hukumu.

Tarumbeta ikalia.

Wote tukaganda. Mkuu wa kambi akapiga saluti akiwa ndani ya ngolo yangu. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri bendera ile ishuke. Mume wangu alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, na nikawaza, jamani, nampenda mtu huyu, nisirudishwe. Wakati huo huo kicheko kilikuwa kimenikaba kooni, maana kunguru alikuwa ametua kwenye tuta, anafukua udongo karibu na buti la mkuu, na mkuu anamfuata kwa macho tu, mkono uko kwenye paji la uso.

Tarumbeta ikakoma. Mkuu akanyoosha mkono, mume wangu akamvuta juu. Akajikung'uta magoti kwa muda.

"Siku nyingine omba ruhusa," akasema. "Maharage yakikomaa nitakuja kuyakagua. Na nitawakuta wote wawili hapa."

Akaenda zake. Hata mgongo wake haujapotea, mke wa sajini akapiga kigelegele uani kwake.

Tulikimbilia sanduku. Fundo la baba lilikataa. Mume wangu akataka kukata kwa kisu, nikamzuia, tukaliinamia wote wawili kwa kucha na meno, tunagongana vichwa, tunacheka mpaka machozi, mpaka likaachia. Kamba ile tuliifunga kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye mpapai, juu ya ngolo, na ndiyo ninayoanikia nguo hadi leo. Tarumbeta ikinikuta hapo, nasimama kama nilivyo, nimeshika suruali ya mume wangu kwa mikono miwili inanichuruzikia maji miguuni, na wala sina haraka.