Kalamu Iliyofunikwa

Viti vya vibanda vya wakalimani, vile vya kioo nyuma ya ukumbi, ni vifupi karibu kila mahali nilikowahi kufanya kazi. Anayevinunua, nadhani, hajawahi kukaa humo. Ukikaa, meza inakufika kifuani, na ukumbini huoni ila visogo vya walioketi nyuma. Ndiyo maana mwanamke ninayemweleza hapa alikuja kazini kila siku na mto wake wa bluu, alioshonewa na mama yake, na ndiyo maana sote tulimwita Bi Mto. Wageni walidhani ni kwa sababu maneno yake yalitiririka. Hakuwasahihisha.

"Waache," aliniambia. "Sifa ya bure hairudishwi dukani."

Bi Mto alifasiri Kiingereza kwa Kihispania. Kihispania chenyewe hakukipata darasani. Ujanani alikuwa karani wa kampuni iliyoagiza mashine za kusaga nafaka, na mafundi waliokuja kuzifunga hawakujua lugha nyingine. Alianza kwa kuwauliza jina la msumari, akaishia kujua majina ya hasira zao zote. "Nilijua kutukana kabla sijajua kusalimia," alikuwa akisema, na akikuamini alikupa mfano.

Kulikuwa na neno moja la Kiingereza alilolipenda na kulichukia kuliko yote: "charge". "Hili ni kama shemeji wa mji mzima," alisema. "Kila nyumba lina jina lake." Kwa daktari ni ada, kwa polisi ni shtaka, kwenye simu ni chaji, ofisini ni dhamana, vitani ni kushambulia. Kihispania hakina neno moja la kuyabeba hayo yote. Unachagua: cobrar ya kutoza, au acusar ya kushtaki, au cargar ya kuchaji, na unachagua huku sentensi nyingine imeshaanza kuingia sikioni.

Kwa ajili ya maneno ya namna hiyo, kibandani huwa mnakaa wawili. Mmoja anasema kwa muda wa nusu saa, mwenzake anasikiliza, anafuatisha hotuba kwenye karatasi kama ipo, na anapoona mwenzake anaelekea kukwama anamwandikia neno na kumsogezea. Hakuna aliyetufundisha hilo chuoni. Bi Mto alilishika kama dini. Alikuwa na sheria moja kwa kila aliyekaa naye: kalamu isifunikwe. "Kalamu iliyofunikwa," alisema, "ni rafiki aliyelala."

Aliyekaa naye siku zile alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Wifi alikuwa mwalimu wa Kihispania aliyechoka na vumbi la chaki. Bi Mto ndiye aliyemtoa huko. Alimfundisha sebuleni kwake: redio inasoma habari kwa Kiingereza, wifi anaifuata kwa Kihispania, na mdogo mtu yuko kwenye kochi anacheka hadi anapaliwa. Kibandani walikalia mto mmoja kwa zamu. Anayesema ndiye anayeukalia; zamu ikigeuka, mto unahama.

Kisha shirika lililotuajiri likatangaza kwamba kibanda cha Kihispania kitakuwa na mkalimani mmoja wa kudumu. Mpaka hapo wote walikuwa vibarua wa kuitwa kwa simu, na simu ya Bi Mto ilikuwa imeanza kukaa kimya wiki nzima nzima. Mkuu wa wakalimani angesikiliza mkutano uliofuata, wa mambo ya afya, hadi mwisho, kisha angechagua. Sijawahi kumwona mtu akikitaka kitu waziwazi kama alivyokitaka kiti kile.

"Nimechoka kuwa mgeni mahali ninapojua swichi zote," aliniambia.

Wifi naye alikitaka, na hakuficha. Alimwambia Bi Mto jikoni kwake, mbele ya mumewe, "Wifi, tusigombane. Atakayepata kati yetu, tumepata nyumbani." Wakagongeana vikombe vya chai.

Mimi nilikuwa kibanda cha jirani, cha Kifaransa. Kati yetu palikuwa na kioo tu. Asubuhi moja ya mkutano huo mwenzangu ndiye aliyekuwa akisema, kwa hiyo macho yangu yalikuwa huru, na sikio moja lilikuwa kwenye sauti ya kibanda chao.

Aliyehutubia alikuwa muuguzi. Alisimulia habari za mwenzake aliyeongoza wodi, akakataa kumtoza ada mgonjwa asiye na kitu, akafikishwa mahakamani. Neno lile lilikuwa linanyesha kama mvua, kila tone na maana yake, na Bi Mto alikuwa anapita katikati bila kulowa. Nilimwona akitabasamu. Ndipo muuguzi akasema kwamba usiku ule mwenzake alikuwa na "charges" kumi na moja. Mashtaka kumi na moja? Malipo? Watu aliokabidhiwa? Jibu lilikuwa mstari unaofuata wa hotuba, na hotuba ilikuwa nakala moja, mbele ya wifi.

Bi Mto aligeuka kushoto bila wasiwasi, kama unavyopeleka mkono kwenye swichi ya taa nyumbani kwako gizani.

Karatasi ilikuwa tupu. Kalamu ilikuwa mezani, imefunikwa. Wifi alikuwa ameweka kidole chini ya mstari wenyewe, anausoma. Ukimya ukaenda, ukaenda. Chini ukumbini visogo viwili vikageuka vikawa nyuso. Hapo mkono wa wifi ukabonyeza kitufe cha maikrofoni, taa nyekundu ikawaka mbele yake, na sauti yake ikatoka safi kabisa: wagonjwa kumi na mmoja walio chini ya uangalizi wake, "once pacientes a su cargo". Akaendelea mpaka mwisho wa hotuba.

Bi Mto aliinuka kidogo, akauvuta mto, akampa. Anayesema ndiye anayeukalia.

Wakati wa mapumziko tulikuwa watatu kwenye birika la chai, na hawakujali kwamba nipo.

"Wifi, lile neno ulikuwa unalijua," Bi Mto alisema.

"Si umesikia? Ukumbi mzima umesikia."

"Mbona hukuandika?"

"Muda haukutosha."

"Wa kusema ulitosha."

Wifi alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Usinifanye mbaya, wifi yangu. Tuliongea na mdogo wako. Alisema wewe watoto wako wameshaota mabawa, wanajitegemea. Sisi wetu bado wadogo. Akasema ukiteleza nisikudake."

"Akasema?"

"Alisema kwa upole."

Huyo ndiye mdogo ambaye Bi Mto alimbeba mgongoni, akawa anamfunga kamba za viatu mpaka wenzake wakamcheka shuleni. Bi Mto aliweka kikombe chini. "Asante ya punda ni mateke, najua," alisema. "Lakini punda angalau hafanyi kikao kwanza."

Mchana wifi alikuwa katika zamu yake. Mtu wa bima alisimama akauliza juu ya yule muuguzi aliyeshtakiwa: ili amlipe wakili alikuwa ameiweka nyumba yake rehani, na kwa Kiingereza chao rehani hiyo nayo ni "charge". Nilimwona wifi akifumba jicho moja, kama anayetafuta neno. Kalamu ya Bi Mto ilikuwa wazi. Aliandika GRAVAMEN, rehani kwa Kihispania, kwa herufi kubwa, akasogeza karatasi. Wifi akalisoma bila hata kutua.

Jioni nilimuuliza Bi Mto kwa nini alimwandikia.

"Kule chini kuna mama amevaa vile vidude vya kutusikilizia masikioni," alisema. "Hajanikosea kitu."

Bi Mto alipokuwa anafunga mkoba, wifi alipita nyuma yetu. "Lile la rehani nilikuwa nalijua," alisema. "Karatasi yako ilinichanganya tu."

Siku ya mwisho mkuu alimwita Bi Mto mwalimu wa wote, akamshika mkono kwa mikono miwili, kisha akasema kwamba hata hivyo alinyamaza katikati ya hotuba, na kwamba mwenzake ndiye aliyewaokoa na ndiye atakayepata kiti. Nilimtazama Bi Mto. Alikuwa anatikisa kichwa kunizuia kabla sijafungua mdomo.

"Utasema nini?" aliniuliza baadaye. "Kwamba hakuandika? Hakuna sheria inayomtaka mtu aandike. Ni desturi yetu tu, na desturi haina hakimu."

Mdogo wake alikuja kumchukua mkewe. Alipanda ngazi mbili mbili, akamkumbatia mke, kisha dada, kwa furaha ile ile. "Dada! Si tumepata nyumbani!"

Bi Mto alimwacha amkumbatie. Kisha aliingia kibandani, akautoa mto kitini, akaukung'uta.

"Dada, mbona unaubeba? Mke wangu atakalia nini?"

"Kiti amekipata," alisema. "Mto nilishonewa na mama."

"Si mama yetu sote?"

Alimtazama, akamrekebisha kola ya shati iliyokuwa imekunjika, kama mtu anayefanya jambo ambalo mikono imelizoea.

"Basi kamuulize kama naye angesema nikiteleza nisidakwe," alisema, akauweka mto kwapani, akashuka ngazi.