Maji Aliyopewa na Jirani

Saa moja asubuhi, mtaa wa Murubona, mjini Kasulu. Odilia Reverien ameinama juu ya pipa, anachota maji ya juu kwa kopo, taratibu, kama mtu anayeengua mafuta kwenye mchuzi. Chini limelala tope la kijivu. Hataki litibuke.

Ni maji aliyosafishia karai na chepe jana. Sementi imezama, na leo yatachanganya zege jipya.

"Haya hayana shida," anasema bila kuinua macho. "Yametoka kwenye sementi, yanarudi kwenye sementi."

Odilia, mwenye miaka 26, anatengeneza slabu za vyoo. Aliacha shule darasa la tano, akabeba maji kwenye majengo hadi fundi Ildefonsi alipomfundisha kukata nondo na kumwaga zege. Kiangazi kikikaza, dumu moja la maji huuzwa Sh400, na slabu moja humwachia Sh5,000 tu. Ndiyo maana hamwagi maji hovyo.

Ila yapo maji anayoyajutia.

Agosti mwaka jana, 2013, jirani yake Maximilla, mpika pombe ya ndizi, alitaka slabu ya choo. Kisima cha mtaa kilikuwa kimekauka. Odilia alipopita uani kwake na kumsalimu, "Mwakeye, mama," alimkuta akisuuza mtumbwi wa mti anaokamulia ndizi.

"Wewe unayeokota hata maji ya kunawa, haya nayamwaga ya nini?" Maximilla alimtania. "Beba, mwanangu."

Odilia akabeba madumu mawili, akachanganyia zege.

Siku ya tatu alilibonyeza kwa kucha. Alama ikabaki. Siku ya tano, vilevile.

"Nilijua kuna kitu hakiko sawa," anasema. "Nikaona aibu. Maji alinipa yeye, sementi alinunua yeye. Nikajisemea, itakauka tu."

Wiki ya tatu slabu ilionekana kavu. Akaipeleka.

Oktoba, slabu ilimeguka ukingoni, mguu wa Maximilla ukazama hadi pajani na kuvunjika. Alifungwa hogo hospitalini Kabanga. Hadi leo anatembea kwa fimbo, na ule mtumbwi umeegemezwa ukutani, maana kukamua ndizi kunataka mtu wa kusimama kutwa.

Fundi Ildefonsi ndiye aliyeokota kipande cha slabu ile, akakifikicha kwa vidole kikamomonyoka kama udongo. Akauliza ni maji gani. Odilia akamwambia.

"Sukari ya ndizi haiachi sementi ishike," alimwambia. "Maji ya karai rudia utakavyo. Ya mtumbwi, hapana. Hilo hukulijua, sikulaumu. Lakini kucha yako ilikwambia, Odilia."

Maneno hayo ya mwisho hayajamtoka mpaka leo.

Kinachomuuma zaidi ni kwamba Maximilla hamlaumu. Mwandishi wa habari hii alipofika kwake, mama huyo alicheka hata kabla ya kuulizwa.

"Pipa ni mimi mwenyewe, kwa unene huu. Zege la mtoto wa watu lina kosa gani?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Siku hizi usiku sili. Naogopa hata sakafu ya ndani."

Odilia alikuwa amesimama mlangoni, akitazama miguu yake.

Alipofika kwake alifunua magunia mabichi pembeni ya nyumba. Chini yake kuna slabu mpya, nene kuliko zote anazouza. Imetimiza siku ishirini na tatu. Fundi amemwambia asiisogeze kabla ya ishirini na nane. Kila asubuhi anaibonyeza kwa kucha, ingawa ilishagoma kuingia zamani.

"Jumamosi naipeleka," anasema. "Nitamwambia hakuvunjwa na unene wake. Ni maji, na mimi niliona mapema nikanyamaza. Akitaka kunifukuza anifukuze, ila slabu ibaki. Na usiku ale."

Anarudisha magunia, anayanyunyizia maji ya pipa, halafu anaomba jambo moja: habari hii isitoke gazetini kabla ya Jumapili.

"Asije akasomewa na mtu mwingine," anasema.